Mbegu Isiyo na Masurufu

Tunda bichi la okidi aina ya Phalaenopsis limelazwa kwenye meza ya chuma. Ni miezi mitano sasa tangu ua lake lichavushwe kwa mkono. Ni la kijani, refu kuliko kidole cha kati, na lina mifuo inayoteremka kutoka kikonyoni hadi nchani. Fundi wa maabara amekwisha kulisugua kwa brashi na sabuni, akaliloweka kwenye jiki iliyozimuliwa. Sasa analishika kwa koleo, analichovya kwenye spiriti na kulipitisha motoni. Mwali wa buluu unalizunguka sekunde mbili tatu, kisha unazimika wenyewe. Chochote kilichokuwa hai juu ya ganda kimekufa. Ndani hakuna cha kuua, kwa kuwa tunda ambalo halijapasuka halijawahi kuingiwa na hewa ya nje.

Kisu nacho kinapita motoni. Tunda linapasuliwa, na badala ya punje unaonekana unga mweupe unaoelekea manjano, umejaa mpaka kingoni. Fundi anauchota kwa ncha ya kisu, anaukung'uta ndani ya chupa yenye rojo lililoganda, anafunga kifuniko. Chupa ya pili. Ya tatu. Akimaliza chupa zote alizoandaa, unga uliobaki tundani bado ni mwingi kuliko uliotumika, nao hutupwa.

Kila chembe ya unga huo ni mbegu kamili. Wataalamu waliopima mbegu za okidi mbalimbali wamepata uzito unaoanzia theluthi ya maikrogramu moja hadi maikrogramu 24, maana yake ni kwamba kwa spishi zenye mbegu nyepesi kabisa, gramu moja hubeba mbegu milioni tatu. Ukitia punje moja ya mahindi upande mmoja wa mizani, utahitaji mbegu za okidi laki kadhaa upande wa pili. Tunda moja la Cycnoches, okidi ya Amerika ya kitropiki, limekutwa na mbegu zinazokaribia milioni nne.

Wepesi huo una gharama yake. Mbegu ya harage huondoka kwa mama ikiwa na chakula cha njiani: yale mapande mawili manono tunayoyala sisi ndiyo ambayo mche ungeyala hadi utoe majani. Mbegu ya okidi haina kitu. Ndani ya ganda jembamba, ambalo sehemu kubwa ni hewa tupu, kuna kiinitete cha seli mia moja hivi, hakina mzizi, hakina jani, na akiba yake ni vitone vya mafuta visivyotosha hata kuanzisha safari. Upepo huipeleka mbali, juu ya matawi, miambani, ng'ambo ya mabonde, na kuitua huko mikono mitupu.

Charles Darwin alihesabu mbegu hizo. Katika kitabu chake cha mwaka 1862 kuhusu namna wadudu wanavyochavusha okidi, alichukua okidi moja ya kawaida ya Uingereza, akakadiria mbegu 6,200 hivi kwa tunda, na kwa mmea wenye matunda thelathini akapata mbegu 186,300. Kisha akapiga hesabu ya uzao. Watoto wa mmea huo, wakiota wote, wangejaza ekari moja. Wajukuu wangefunika kisiwa cha Anglesey. Vitukuu wangekaribia kutandaza zulia la kijani juu ya nchi kavu yote ya dunia. Ni wazi kwamba jambo hilo halitokei, na Darwin alikiri kuwa hajui kinachozuia. Alikufa mwaka 1882 bila kupata jibu.

Watunza bustani wa wakati wake walikuwa na swali hilohilo, ila wao lilikuwa linawagusa mfukoni. Okidi za kitropiki zilikuwa wazimu wa matajiri wa Ulaya. Frederick Sander wa St Albans, aliyeitwa mfalme wa okidi, aliwatuma mawakala wake misituni kote duniani, na kazi waliyofanya huko haikuwa ya kistaarabu. Albert Millican, mmoja wa wawindaji wa okidi, aliandika mwaka 1891 jinsi alivyopata mimea elfu kumi hivi nchini Kolombia kwa kuangusha miti elfu nne. Anaitaja hesabu hiyo bila aibu yoyote, kama mfanyabiashara anayetaja nauli. Kama mbegu zingekubali kuota, msitu ungepona; lakini hazikukubali.

Au tuseme zilikubali pale zilipotaka zenyewe. John Dominy, mtunza bustani wa kampuni ya Veitch mjini Exeter, alifundishwa na tabibu mmoja wa mji huo, John Harris, namna ya kuhamisha chavua ya okidi kutoka ua hadi ua, na mwaka 1856 okidi chotara ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu ilichanua mikononi mwake. Ilikuwa Calanthe, nayo ikapewa jina lake. Wakulima wa siku zile walijaribu kila walichoweza: mbegu kwenye vipande vya gome, kwenye kizibo, kwenye kuvumwani iliyolowa, kwenye kitambaa. Kwa miaka mingi jambo pekee lililoonekana kusaidia ni kuzinyunyiza juu ya chungu ambamo mama yao tayari anaishi. Hata hapo, kati ya maelfu waliyotawanya, miche ilikuwa ya kuhesabika kwa vidole. Hakuna aliyejua kwa nini chungu cha mama kinafaa kuliko chungu kipya kisafi. Ilichukuliwa kuwa ni siri ya ufundi, na mafundi walifichana.

Siri ilifichuka kwa bahati, tarehe 3 Mei 1899, katika msitu wa Fontainebleau kusini mwa Paris. Noël Bernard, kijana wa miaka 25, alikuwa akitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria katika kambi ya Melun, na muda wake wa mapumziko aliutumia kutembea msituni. Alikuta shina la matunda la Neottia nidus-avis limeanguka mwaka uliotangulia na kufunikwa na majani yaliyooza. Neottia ni okidi ya ajabu hata kwa viwango vya okidi: yote ni ya rangi ya kahawia, haina chembe ya kijani, na haijitengenezei chakula kwa jua. Ndani ya matunda yale yaliyozikwa, mbegu zilikuwa zimeota kwa wingi ambao hakuna mtaalamu aliyewahi kuuona. Bernard alizipeleka kwenye hadubini. Kila mche, bila kubakiza hata mmoja, ulikuwa na nyuzi za kuvu ndani ya seli zake.

Mwezi huohuo taarifa yake ilisomwa katika Akademia ya Sayansi mjini Paris. Miaka michache baadaye alikuwa amekwisha kutenga kuvu kutoka mizizi ya okidi, akaikuza peke yake kwenye neli za kioo, na kuitia pamoja na mbegu za Cattleya. Zenye kuvu ziliota. Zisizo na kuvu zilivimba kidogo, zikageuka kijani, zikasimama hapohapo hadi zikafa.

Jinsi alivyoeleza jambo hilo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana vitabu vya siku hizi huharakisha kuliita urafiki. Bernard hakuona urafiki, aliona ugonjwa uliotiwa adabu. Kuvu huingia kwenye mbegu kupitia ncha moja, huenea seli kwa seli, na ikiachiwa huua. Mbegu nayo hupigana: nyuzi zinazoingia kwenye seli za ndani husongwa kuwa vifundo, kisha vifundo vile humeng'enywa, na mbegu hujipatia sukari na madini kutoka kwenye mwili wa mvamizi wake. Vita vikienda sawa, mbegu hukua na kuwa kidonge cha kijani chenye manyoya, ambacho wataalamu hukiita protokomu, na kutoka hapo hutokea jani la kwanza na mzizi wa kwanza. Upande wowote ukizidiwa nguvu, mche haupo. Ndiyo maana chungu cha mama kilifaa: kuvu ilikuwa tayari inaishi kwenye mizizi yake.

Bernard hakuwa sahihi katika kila kitu. Aliamini pia kwamba kuvu ndiyo inayofanya mimea itoe viazi, akatumia muda wake mwingi kwenye viazi mviringo kulithibitisha hilo, na halikuthibitika. Alikufa Januari 1911 kwa kifua kikuu kabla hajatimiza miaka 37. Mjerumani Hans Burgeff aliendeleza kazi hiyo, na huko Haywards Heath, Uingereza, kampuni ya Charlesworth ikawa inaotesha okidi kwa kuvu kibiashara, milango imefungwa.

Katika maandishi yake Bernard alikuwa ameacha jambo moja dogo. Alikuwa akiandaa chakula cha kuvu zake kwa unga wa sahlabu, ule unaopatikana kwa kusaga viazi vikavu vya okidi za mwituni na ambao Waturuki na Waarabu wameunywa na maziwa ya moto tangu zamani. (Sahlabu inayouzwa leo kwenye pakiti nyingi za mijini ni wanga wa mahindi tu, jambo ambalo okidi za Uturuki zinapaswa kulishukuru.) Aligundua kwamba akizidisha ukali wa mchuzi ule, baadhi ya mbegu huanza kuota hata pasipo kuvu. Aliliandika, akaendelea na mengine.

Lewis Knudson alilisoma na hakuendelea na mengine. Alikuwa profesa wa fiziolojia ya mimea katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, na tayari alikuwa akichunguza jinsi mimea inavyoweza kunyonya sukari kupitia mizizi. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Sahlabu imejaa wanga. Mbegu ya okidi haiwezi kuvunja wanga, kuvu inaweza, na ikiuvunja inapatikana sukari. Je, kama mbegu ingepewa sukari moja kwa moja, kuvu ingebaki na kazi gani? Knudson alitengeneza rojo la chumvichumvi za madini na sukari, akaua vijidudu vyote, akapanda mbegu za Cattleya na jamaa zake. Ziliota. Matokeo aliyachapisha kwanza kwa Kihispania, mwaka 1921, katika jarida la chama cha historia ya asili cha Hispania, na mwaka uliofuata kwa Kiingereza.

Wafuasi wa Bernard hawakufurahi. Walisema miche ile ni vilema, kwamba hata ikikua haitatoa maua bila kuvu. Knudson alisubiri. Okidi haina haraka, na ilibidi angoje miaka hadi mmea uliozaliwa chupani, na kutunzwa bila kuvu, utoe ua. Aliuonyesha ulimwengu ua hilo mwaka 1930.

Mapishi yake ya mwisho, aliyoyatoa mwaka 1946 na yanayojulikana kama Knudson C, bado yanatumika. Kwa lita moja ya maji kuna gramu moja ya naitreti ya kalisi, nusu gramu ya salfeti ya amonia (ndiyo ileile SA ambayo mkulima huitupia mahindi), robo gramu ya fosfeti ya potasiamu, robo ya salfeti ya magnesi, na punje za chuma na manganizi. Chumvi zote pamoja ni gramu mbili na kidogo. Sukari ni gramu ishirini.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kazi hii iwe ya maabara. Sukari kwa kiwango hicho, yenye joto na unyevu, ni karamu kwa kila spora ya ukungu na kila bakteria aliye hewani. Mbegu ya okidi huchukua wiki kadhaa kuvimba. Ukungu huhitaji siku tatu kuijaza chupa. Kwa hiyo rojo hupikwa kwenye mtungi wa mvuke wenye shinikizo, nyuzi joto 121 kwa robo saa au dakika ishirini, na upandaji hufanywa mbele ya feni inayosukuma hewa iliyochujwa. Asiye na mashine hizo hutumia sufuria ya presha ya jikoni na sanduku la plastiki lenye matundu mawili ya kupitishia mikono. Wapo watu waliofika mbali kwa vifaa hivyo. Svante Malmgren, daktari wa Sweden, alibuni njia za kuotesha okidi za ardhini za Ulaya kwa kutumia dawa ya amino asidi ya hospitalini, ile ya kuwatundikia wagonjwa, na juisi ya nanasi, na mapishi yake yakawashinda wataalamu wengi wenye maabara kamili.

Kinachogandisha rojo ni aga, nayo hutokana na mwani mwekundu wa Gelidium na Gracilaria. Msomaji wa Unguja asikimbilie kudhani kuwa mwani wa akina mama wa Paje na Jambiani ndio huo: wao hulima jamii nyingine, inayotoa karajinani ya kuzipa uzito aiskrimu na dawa za meno. Hata hivyo, pwani ina mchango wake kwenye chupa. Maji ya dafu yana homoni zinazochochea seli zigawanyike, na tangu miaka ya 1940 wataalamu wamekuwa wakiyatia kwenye rojo. Ndizi mbivu iliyopondwa nayo hutiwa, hasa miche inapohamishiwa chupa ya pili, na mkaa uliosagwa ili kunyonya sumu ambazo mizizi yenyewe huzitoa. Chupa ya okidi iliyo tayari kupokea miche huwa nyeusi kama wino na hunuka ndizi.

Baada ya hapo ni kungoja. Kwa Phalaenopsis, unga hugeuka kijani baada ya wiki chache, kisha huwa vidonge, kisha vidonge hutoa majani. Baada ya miezi michache miche husongamana mno, inahamishwa. Inapotolewa chupani mwishowe, huoshwa vizuri hadi aga yote iondoke mizizini, kwa kuwa masalia ya sukari huvuta ukungu, na huwekwa chini ya plastiki. Jani lililokulia chupani halijawahi kukutana na hewa kavu: ngozi yake ni nyembamba na vinyweleo vyake vya kupumulia havijui kujifunga. Mche ulionawiri miezi kumi unaweza kunyauka kwa mchana mmoja. Ni hatua ambayo yeyote aliyewahi kupokea migomba ya tishu kutoka maabara za Juja, Kawanda au Mikocheni anaifahamu. Kutoka kwenye chavua hadi ua la kwanza ni miaka mitatu hivi kwa Phalaenopsis, na kwa Cattleya huweza kuwa mara mbili ya hiyo.

Biashara ilibadilika kabisa. Bustani ya Mimea ya Singapore, chini ya Eric Holttum, ilianza mwaka 1928 kuzalisha okidi chotara chupani, na nchi hiyo ikajijengea jina. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel alionyesha kwamba hata ncha ya chipukizi ikikatwa na kutiwa chupani hutoa mimea mingi inayofanana na mama, na hapo okidi ikawa bidhaa ya kiwandani. Huko Taiwani shirika la sukari la serikali, lililokuwa na mashamba ya miwa yaliyopoteza faida, liliingia kwenye okidi mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo Phalaenopsis ndiyo inayoongoza kati ya mimea ya chungu inayouzwa minadani Uholanzi, na mteja wa London huinunua pamoja na mkate. Ua la jamii iliyoangusha miti elfu nne linapatikana kwa bei ya chakula cha mchana.

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliichukulia chupa kwa uzito. Okidi zote ziko chini ya mkataba huo, na kwa kawaida mmea mzima hauvuki mpaka bila kibali. Lakini miche iliyooteshwa chupani, ikisafiri ndani ya chombo chake kisicho na vijidudu, imeondolewa kwenye sharti hilo. Wazo lake ni kwamba aliyeweza kuwa na chupa hakuhitaji kung'oa msitu.

Uingereza yenyewe ililazimika kulijaribu wazo hilo nyumbani. Cypripedium calceolus, okidi yenye ua kama kiatu cha manjano, ilichumwa na kuchimbwa hadi mwaka 1917 ikadhaniwa imekwisha nchini humo. Mwaka 1930 mmea mmoja ulipatikana katika mabonde ya Yorkshire. Mmoja. Ulilindwa kwa miaka, mahali ulipo pakawa siri. Mwaka 1983 bustani ya Kew ilianzisha mradi wa kuotesha okidi za Ulaya, na mbegu za huyu mjane zikapelekwa maabara. Zilizoiva zilikataa katakata. Ganda la mbegu ya okidi nyingi za ardhini likikomaa hufunga kabisa na kukataa maji, na kiinitete hulala. Mafanikio yalikuja pale tunda lilipochumwa likiwa bado bichi, kabla mlango haujafungwa. Miche ilianza kurudishwa porini mwaka 1989. Wa kwanza kuchanua ulichanua mwaka 2000.

Miaka kumi na moja kwa ua moja ni hesabu ya kukumbuka tunapohamia Nyanda za Juu Kusini za Tanzania.

Uwanda wa Kitulo, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari kati ya milima ya Kipengere na Uporoto, huchanua wakati wa masika kiasi kwamba watu wa huko wameuita Bustani ya Mungu. Tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, yenye aina 45 za okidi za ardhini: Disa, Satyrium, Habenaria na nyingine. Wanaozitafuta kwa udi na uvumba hawataki maua, wanataka viazi. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, viazi vya okidi vilivyokaushwa na kutwangwa huchanganywa na karanga za kusaga, pilipili, chumvi na magadi, vikapikwa hadi vishikane kuwa mkate mzito wa rangi ya kahawia. Ndiyo chikanda. Hukatwa vipande na kuuzwa sokoni, shuleni na kwenye maduka makubwa ya Lusaka, na hakuna nyama ndani yake ingawa wanaoionja mara ya kwanza huapa ipo. Zambia ilipokausha mbuga zake yenyewe, wafanyabiashara walivuka mpaka wa Tunduma. Tim Davenport na Henry Ndangalasi, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003, walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka.

Mchimbaji hutumia jembe. Okidi hizo huwa na viazi viwili: cha zamani kilichosinyaa, ambacho mmea unakimaliza, na kipya kilichonona, ambacho ni maisha ya mwaka ujao. Kinachotakiwa ni kipya. Na kwa kuwa mmea huonekana tu ukiwa na ua au majani, huchimbwa mara nyingi kabla tunda halijaiva, mbegu na mama vikaondoka pamoja.

Mtu aliyesoma hadi hapa atauliza: si waoteshe chupani? Kitaalamu mwanzo upo. Katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watafiti wameotesha Ansellia africana kwa rojo lisilo na kuvu, na hiyo ni okidi ambayo hata miti ya pwani ya Kenya na Tanzania inaibeba. Disa uniflora ya Rasi ya Tumaini Jema, ua jekundu la vijito vya Table Mountain, huoteshwa na wapenzi wa okidi hata bila maabara. Lakini Ansellia hukaa mitini, na Disa uniflora hukaa kwenye maji mwaka mzima. Zile za Kitulo ni watu wengine. Kiangazi hufa juu ya ardhi na kulala chini kama kiazi, huamka mvua zikija, na katika muda wote huo zinaishi na kuvu zao.

Hapa Knudson anafika mwisho wa njia yake, na kwa maoni ya mwandishi huyu ushindi wake wa 1930 ulikuwa nusu. Sukari inaweza kuilea okidi ya ardhini hadi iwe na kiazi kidogo chupani. Haiwezi kuilea kwenye udongo maskini wa mita 2,600. Huko mche unahitaji mshirika, na lazima awe yule anayeufaa: ipo miche inayopokea kuvu za aina kadhaa, ipo isiyopokea zaidi ya moja. Ndiyo maana maabara zinazoshughulika na kurudisha okidi porini zimemrudia Bernard. Hukata kipande cha mzizi, huchomoa vifundo vya kuvu chini ya hadubini, huikuza kuvu kwenye rojo la unga wa shayiri lisilo na sukari ya ziada, na hupanda mbegu juu yake. Mwaka 1993 Hanne Rasmussen wa Denmark na Dennis Whigham wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, walichapisha njia rahisi kuliko zote ya kumtafuta mshirika huyo: mbegu hufungwa ndani ya kifuko cha wavu laini wa nailoni, huzikwa ardhini pembeni mwa okidi zilizo hai, na kufukuliwa baada ya mwaka au zaidi. Iliyoota huwa imeshamkamata kuvu anayetakiwa, na eneo lililootesha linajulikana.

Vifuko hivyo ni vya bei ya chini, na havihitaji umeme. Vinachohitaji ni matunda yaliyoachwa yaive, hifadhi isiyochimbwa kwa misimu kadhaa mfululizo, na mtu atakayerudi mahali palepale mvua zinazofuata. Kwa sasa chikanda inayoliwa Lusaka na Kitwe karibu yote ni ya kuchimbwa porini. Mfanyabiashara hulipa kwa kipimo cha ndoo, na ndoo hujazwa kwa jembe.